Uandishi wa Nyimbo wa X Plastaz

Miongoni mwa makundi yaliyoipa Arusha sauti yake katika muziki wa kizazi kipya, X Plastaz, lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, linastahili heshima ya pekee kwa namna lilivyoutunga muziki wenyewe. Hip hop hutegemea mchano, yaani maneno yanayotamkwa kwa vina na kwa kufuata mdundo, na mara nyingi kiitikio humpa mchanaji nafasi ya kupumzika. X Plastaz walikwenda mbali zaidi, kwani walimpokea Merege, mwimbaji Mmaasai, ambaye uimbaji wake ulitokana na utaratibu wa olaranyani, kiongozi wa wimbo anayetangulia huku wenzake wakimjibu kwa mingurumo mizito ya kooni inayojirudia. Hivyo sauti ya binadamu ikafanya kazi ambayo kwingine huachiwa ngoma na besi. Kuoanisha mingurumo hiyo na vina vya Kiswahili si kazi nyepesi, na pengine hapo ndipo ulipo ustadi wao mkubwa kuliko hata mashairi yao. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitolewa Ujerumani mwaka 2004. Kifo cha Nelly, mmoja wa wachanaji wa kundi hilo, mwaka 2006 kiliwapunguzia nguvu, lakini mwaka 2009 mwenzao Gsan alichana kwa Kiswahili katika tuzo za hip hop za kituo cha televisheni cha BET, nchini Marekani, bila kuibadili lugha ili kuwaridhisha wenyeji.