Desdemona Asiyerudi Nyuma: Peggy Ashcroft Jukwaani, 1930–1981

Wasifu wa Peggy Ashcroft (1907–1991) aghalabu husimuliwa kuanzia Juliet wa 1935, pale John Gielgud na Laurence Olivier walipopokezana nafasi za Romeo na Mercutio katika New Theatre, London. Tunapendekeza mwanzo mwingine. Mnamo Mei 1930, akiwa na umri wa miaka 22, aliigiza Desdemona katika ukumbi wa Savoy. Othello alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mweusi ambaye mwaka 1934 angejiandikisha kusoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha London.

Kasoro za onyesho hilo zinajulikana: jukwaa lilikuwa na giza mno, na Maurice Browne, aliyeliandaa, alijipa nafasi ya Iago isiyomfaa. Hayo tuyapite. Lenye uzito ni kwamba Ashcroft alipokea barua za matusi kwa kukubali kubusiwa na mtu mweusi mbele ya hadhira. Na kwamba Robeson mwenyewe alisimulia baadaye jinsi, katika majuma ya mwanzo, alivyokuwa akirudi nyuma kila Desdemona alipomkaribia. Hofu hiyo haikuwa ya Othello. Ilikuwa ya mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani.

Je, jambo hili linaitendea nini tamthilia? Madarasani mwetu Desdemona hufunzwa kama kielelezo cha unyonge wa kike, kondoo wa kafara. Usomaji huo hauhimili ushahidi wa jukwaa. Othello akirudi nyuma, ni Desdemona anayelazimika kuivuka nafasi iliyo kati yao, na kila hatua yake huwa uamuzi. Hapo ndipo tunapokumbuka kwamba ndiye aliyesimama mbele ya Baraza la Venisi akampinga babake kwa hoja; na ndiye, akiwa katika kukata roho, anayemdanganya Emilia na kujitwika lawama ili mumewe asalimike. Unyonge gani huu?

Pingamizi moja ni la haki. Uigizaji wa 1930 tunaujua kwa picha na kumbukumbu za waliokuwapo tu, hivyo hatuwezi kudai kwamba Ashcroft aliukusudia usomaji huu. Hatudai hivyo. Tunadai tu kwamba mwanamke wa aina hii anajirudia katika kazi yake kiasi cha kututilia shaka kuhusu sadfa.

Kwa Malkia Margaret tuna ushahidi bora. Mwaka 1963, huko Stratford, John Barton alizikata na kuziunganisha sehemu tatu za Henry VI pamoja na Richard III zikawa The Wars of the Roses, chini ya uelekezaji wa Peter Hall. BBC iliirekodi na kuionyesha 1965. Ashcroft, mwenye miaka 55, alianza akiwa binti wa Anjou akaishia ajuza wa kulaani. Katika tukio la taji la karatasi, Margaret anampa York kitambaa kilicholowa damu ya mwanawe. Msomaji wa kitabu huona unyama mtupu. Mtazamaji hana raha hiyo, kwani mwili ulio mbele yake ndio ule ule wa msichana aliyeletwa ugenini kuolewa na mfalme asiyeweza kutawala.

Nafasi yake kubwa ya mwisho jukwaani, kuanzia 1981, ilikuwa mama mjane wa Rossillion katika All's Well That Ends Well, akielekezwa na Trevor Nunn: bibi mtukufu anayemtetea binti wa tabibu dhidi ya mwanawe wa kumzaa.