Kukohoza Si Kusaidia Kukohoa

Mfasiri wa maelezo ya tiba akutanapo na chombo cha kumsaidia mgonjwa asiyeweza kukohoa kwa nguvu, majina matatu humjia upesi: kikohozeshi, mashine ya kufyonza makohozi, na mashine ya kusaidia kukohoa. Yafaa tuyapime kwa kazi ya chombo chenyewe.

Kikohozi kamili kina hatua tatu. Mtu huvuta pumzi nyingi. Koo hufunga huku misuli ikiikandamiza hewa kifuani. Kisha koo hufunguka na hewa hutoka kwa kasi pamoja na makohozi. Mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli, au aliyeumia uti wa mgongo shingoni, hukosa nguvu hiyo. Mashine humsukumia hewa mapafuni kwa kinyago, kisha ghafla huivuta nje. Kwa watu wazima kanieneo aghalabu huwa karibu sentimita 40 za maji, kusukuma na kuvuta. Vyombo vya namna hii vilitumika Marekani tangu miaka ya 1950, zama za milipuko ya polio.

Neno kikohozeshi lina umbo zuri la kisarufi, ila maana yake yapotosha. Kumkohoza mtu ni kumtia kikohozi, kama moshi wa pilipili ufanyavyo. Mashine hii haiwashi koo. Hufanya kazi ya misuli iliyodhoofu.

Jina la pili lina hatari zaidi. Mashine ya kufyonza makohozi ni chombo kingine, chenye mrija mwembamba uingizwao puani, kinywani au katika tundu la koo, nacho hufyonza pale tu mrija ufikapo. Hakimpi mgonjwa pumzi. Orodha ya vifaa ikiviita vyote viwili kwa jina moja, mtunza bohari atatoa kimoja akidhani ametoa kingine, na makohozi yaliyo ndani mapafuni yatabaki humo. Hapo kosa la msamiati limekuwa kosa la tiba.

Lasalia jina la tatu. Wako watakaosema kwamba ni refu, na kwamba ni maelezo wala si istilahi. Lakini gari la wagonjwa nalo ni maelezo, na hakuna aliyeshindwa kuliita. Ufupi ni sifa ya istilahi. Kutochanganya vitu viwili ni sharti lake. Kwa hiyo twapendekeza mashine ya kusaidia kukohoa itumike katika vitabu na orodha zote, jina la pili libakie kwa chombo chake, na kikohozeshi kiachwe.