Usimvue Mũgambi kiwimbi chake ili baruapepe ifike

Majuzi kijana mmoja kutoka Embu, nimwite Mũgambi, alinijia ofisini amenuna. Mwaliko wa mahojiano ya ufadhili haukumfikia. Kwenye fomu alikuwa ameandika anwani ya baruapepe kama anavyoliandika jina lake, kwa 'ũ', ilhali anwani yenyewe ina 'u' ya kawaida. Programu iliyotumia waombaji mialiko ilifuta kila herufi isiyoitambua. Mũgambi akawa "mgambi", na mwaliko ukapotelea huko.

Mwandalizi wa programu hiyo alijitetea: "Prof, kompyuta haijui hivyo viwimbi."

Hebu tulichambue dai hili. Kiembu na Kimeru zina irabu saba. Kiswahili kina tano. 'Ĩ' hukaribia 'e' kimatamshi, nayo 'ũ' hukaribia 'o'. Kiwimbi basi si pambo. Ni sehemu ya herufi. Mfumo wa ASCII wa 1963, wenye nafasi 128 tu, uliundwa kwa kuzingatia Kiingereza, ukaziacha nje. Lakini huo ni wa jana. Unicode inazo zote mbili. Sehemu ya jina la mpokeaji imeweza kubeba herufi kama hizi tangu miaka ya 1990. Na tangu 2012, kanuni ya RFC 6531 inaziruhusu hata ndani ya anwani, mradi seva zote zinazopokezana ujumbe ziikubali. Nyingi bado haziikubali.

Je, mtumaji afanyeje? Kilicho kulia kwa alama ya @ chaweza kugeuzwa kwa utaratibu maalumu kiwe herufi za ASCII. Kilicho kushoto hakina ubadilishaji wa aina hiyo: ni seva ya mpokeaji pekee yenye mamlaka ya kukifasiri. Kukikwangua ni kubahatisha anwani ya mtu mwingine. Fomu ingemuuliza kijana palepale, "Una hakika na herufi hii?", angerekebisha kwa sekunde chache.

Nasi wanalugha tuna la kujibu. Tumezoea kuandika majina haya bila viwimbi, kisha tunawalaumu vijana wa kompyuta kwa kutufuata.

Rai yangu ni hii: jina lihifadhiwe kamili mahali pa jina, anwani aithibitishe mwenyewe, na programu isifute herufi kimyakimya. Mũgambi sasa anasubiri awamu ijayo.