Pimlico: Joto Lililovushwa Chini ya Mto Thames

Kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe huzalisha vitu viwili, umeme na joto, kisha huuza kimoja na kutupa cha pili. Katika mitambo ya katikati ya karne ya 20, zaidi ya theluthi mbili ya nguvu iliyomo kwenye makaa haikuwa umeme kamwe. Ilitoka kupitia dohani au iliishia mtoni pamoja na maji ya kupozea mvuke.

Kituo cha Battersea, London, kilikuwa hivyo. Ng'ambo ya Thames, eneo la Pimlico lililopigwa mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia lilikuwa likijengwa upya: fleti za Churchill Gardens, zilizosanifiwa na Philip Powell na Hidalgo Moya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maji ya moto kutoka Battersea yalianza kupita kwenye mabomba chini ya mto na kupasha joto nyumba hizo, katika jiji lililokuwa likisongwa na moshi wa makaa ya majumbani.

Kitaalamu, kazi hiyo ilikuwa na mafundo mawili. La kwanza ni kiwango cha joto. Mvuke ukishaachwa uzungushe turbini hadi mwisho, hubaki na nyuzi 30 hivi za Selsiasi, na maji ya namna hiyo hayapashi nyumba wakati wa baridi. Lazima mvuke utolewe mapema, ungali moto. Kufanya hivyo hupunguza umeme, lakini kila kipimo cha umeme kinachopotea hurudisha vipimo kadhaa vya joto. Ndiyo maana mfumo wa aina hii unaweza kutumia hadi asilimia 80 ya nguvu ya mafuta yake.

Fundo la pili ni saa. Wakazi hawahitaji joto saa ileile ambayo gridi inahitaji umeme. Jibu la Pimlico lilikuwa tangi: mnara wa mita 41 uliozungushiwa kioo, wenye nafasi ya mita za ujazo 2,500 za maji. Piga hesabu: maji hayo yakipoa kwa nyuzi 30 tu, hutoa takriban megawati-saa 87 za joto. Mtambo hufuata mahitaji ya umeme, nalo tangi hufuata mahitaji ya nyumba.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye akili ya mradi mzima. Battersea ilizimwa mwaka 1983, lakini Pimlico haikubaki na baridi. Ziliwekwa boila upande wake wa mto, na baadaye injini za gesi zinazofua umeme huku joto lake likikusanywa. Mabomba na tangi viliendelea na kazi, na leo mtandao unahudumia zaidi ya nyumba 3,000.

Mfumo huu haufai kila mahali. Unahitaji nyumba zilizosongamana karibu na mtambo, kwa kuwa kila mita ya bomba hugharimu fedha na huvujisha joto. Lakini pale unapofaa, mpangaji asianze kwa kubishania injini. Injini itabadilishwa mara kadhaa katika maisha ya jengo. Aanze na mabomba yaliyolazwa vizuri na tangi kubwa la kutosha, maana hivyo ndivyo vitakavyompokea mrithi wa injini hiyo, awe wa mafuta yoyote.