Akiba Inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Msomaji, methali hii ni kweli kwa mambo mengi, lakini si kweli kwa filamu. Mikanda mingi ya sinema iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1950 ilikuwa ya nitrati, kitu kiwakacho moto upesi, na kiozacho hata kikiwa kimefungiwa sandukuni.

Mtu akusanyaye filamu za kale zilizosahauliwa huchekwa na wengi. Ana faida gani, huulizwa, katika picha zisizo na sauti, zenye mikwaruzo, ambazo waigizaji wake wamekwisha kufa? Baadhi ya wakusanyaji hustahili kicheko hicho, maana hupenda uadimu wa kitu kuliko kitu chenyewe. Furaha yao ni kuwa nacho hali jirani hana. Lakini si wote walio hivyo.

Itazame Metropolis, filamu ya Fritz Lang iliyoonyeshwa kwanza Berlin mwaka 1927. Haikuleta faida, ikakatwa ili iwe fupi, na kiasi cha robo yake ikapotea. Kisa kikabaki na pengo. Watazamaji walimwona mvumbuzi Rotwang akimchukia mtawala wa mji, lakini chanzo cha chuki ile, yaani Hel, mwanamke aliyependwa na wote wawili, kilikuwa kimeondolewa.

Nakala ndefu ilikuwa imefika Argentina, ikaangukia mikononi mwa mkusanyaji Manuel Peña Rodríguez, mhakiki wa sinema. Baadaye ilinakiliwa katika mkanda mwembamba wa milimita 16, ikakaa miaka mingi bila kutambuliwa, hata mwaka 2008 ilipogunduliwa katika jumba la makumbusho ya sinema, Buenos Aires. Dakika zipatazo 25 zikarudishwa, na mwaka 2010 filamu ikaonyeshwa tena Berlin, karibu kamili.

Sehemu hizo zina mikwaruzo kama mvua ya masika. Hazipendezi macho, lakini huziba pengo la kisa, na chuki ya Rotwang hupata mzizi wake. Thamani yao ni hiyo, wala si uadimu wao.

Basi, msomaji, usiipime filamu kwa uchache wa nakala zake; ipime kwa lile ambalo tungelikosa kama isingalikuwapo. Na mkusanyaji mpime kwa mlango wake, kama hufunguka. Filamu isiyoonwa na mtu haina tofauti na iliyoungua. Ahifadhiye na kuonyesha, huyo ndiye awezaye kusema kwa haki kwamba akiba yake haikuoza.