Chumvi Iliyokatwa kwa Msumeno

Wakitajwa mabikira wa Vesta, makuhani wa kike wa Roma ya kale, watu hukimbilia kwanza habari za adhabu: kwamba aliyevunja kiapo cha ubikira alifukiwa ardhini akiwa hai. Habari hiyo ni ya kweli na inatisha, lakini imewafunika wanawake hawa kiasi kwamba kazi yao ya kila siku haionekani tena. Nami kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuitazama. Walikuwa mafundi hodari. Ibada waliyoificha machoni pa wanaume ilifanyika kwa kinu, chungu, tanuri na maji ya chemchemi, na waliifanya kwa uangalifu ambao sijauona katika dini nyingi zenye mahekalu makubwa zaidi.

Walikuwa sita. Msichana alichukuliwa akiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 10, akatumikia miaka 30: kumi ya kujifunza, kumi ya kutenda, kumi ya kufundisha wadogo zake. Hekalu lenyewe lilikuwa dogo, la mviringo, pale kwenye uwanja mkuu wa Roma. Mungu wao wa kike, Vesta, hakuwa na sanamu ndani ya hekalu. Alikuwa ule moto uliowaka katikati. Nyumba yao ilisimama ubavuni, na waliokuja kuichimbua mwaka 1883 walikuta ua mrefu wenye sanamu za wakuu wao. Upande mmoja wa nyumba hiyo kuna mabaki ya jiwe la kusagia nafaka. Watalii wengi hupiga picha sanamu wakaenda zao. Mimi ningesimama kwenye jiwe.

Kila mnyama aliyechinjwa kwa sadaka ya taifa la Roma ilibidi anyunyiziwe kwanza kichwani unga uliochanganywa na chumvi, na unga huo ulitoka mikononi mwa wanawake hawa sita. Mwezi Mei, kuanzia tarehe 7 hadi 14, watatu walio wakubwa walipokea masuke ya ngano ya kale, siku moja wakifanya na siku moja wakipumzika, wakayapanga kwenye vikapu vya mavuno. Ngano hii haifanani na ya leo. Punje imeng'ang'aniwa na ganda, na ukiitwanga mbichi unapoteza nguvu bure. Kwa hiyo waliyapitisha masuke motoni kwanza, ganda likauke liwe jepesi kuvunjika, ndipo wakatwanga, wakasaga, wakahifadhi. Servius, mfafanuzi wa mashairi ya Vergilius, anaeleza kwamba walifanya hatua zote hizi kwa mikono yao wenyewe. Wanawake hawa waliheshimiwa hata na makonsuli, viongozi wakubwa wa dola, na njiani walitanguliwa na mlinzi wa serikali, lakini mchi hawakumwachia mtumwa.

Unga ulichanganywa mara tatu kwa mwaka: tarehe 15 Februari, tarehe 9 Juni na tarehe 13 Septemba.

Sasa chumvi. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi kila ninaposoma habari zao. Walianza na chumvi chafu, ya mawe mawe, wakaitwanga kwenye kinu. Wakaitia kwenye chungu cha udongo, wakakifunika na kukiziba mfuniko kwa jasi, kisha chungu kikaingia tanurini hadi chumvi iive sawasawa. Aliyewahi kutupa chumvi ya mawe kwenye makaa anajua inavyodata na kuruka, kwa sababu ndani ya chembe mna maji yanayotafuta njia ya kutoka. Chungu kilichozibwa kinaizuia isitawanyike. Moto unayafukuza yale maji, unaunguza takataka, na chumvi inashikana ikawa donge gumu. Ndiyo maana hatua iliyofuata ilihitaji chombo ambacho hakuna anayetarajia kukikuta jikoni: msumeno wa chuma. Waliikata chumvi kama fundi seremala akatavyo gogo, vipande wakavitumbukiza kwenye mtungi uliokaa ndani ya hekalu, katika stoo ya nje, wakaongeza maji.

Na maji nayo yalikuwa na sharti. Yangeweza kuwa ya chemchemi au ya aina nyingine yoyote, ila yasiwe yaliyopita kwenye bomba. Roma ilikuwa na mifereji mikubwa ya kuleta maji mjini tangu mwaka 312 kabla ya Kristo, na baadaye maji yalimwagika kwenye mabirika karibu kila mtaa. Makuhani wa Vesta waliendelea kwenda kuteka wenyewe, kwenye chemchemi iliyokuwa nje ya lango la Capena. Mtu anaweza kuona huo ni ukaidi. Naona ni kujua kazi: maji uliyoyateka mwenyewe unajua yametoka wapi.

Chombo cha maji ya ibada kinanishangaza hata kuliko msumeno. Kilifinyangwa kikiwa na mdomo mpana na kitako chembamba, makusudi kisiweze kusimama. Maji ya Vesta hayakuruhusiwa kuwekwa chini, na chombo hiki ukikiweka chini kinapinduka na kumwaga kila kitu. Mfinyanzi yeyote hujifunza mapema kutengeneza kitako kinachotulia. Huyu alipaswa kusahau somo hilo, atengeneze kitu kizuri, kinachobebeka, kinachoshika maji vizuri kikiwa mkononi na kinachokataa kabisa kutua. Sharti la dini limewekwa ndani ya udongo, kwa hiyo halihitaji mlinzi wala maandishi ukutani. Aliyechoka njiani hakuwa na la kufanya ila kuendelea kushika.

Kuhusu moto, wengi wanajua kwamba haukutakiwa kuzimika. Kila tarehe 1 Machi, iliyokuwa mwanzo wa mwaka wa zamani wa Waroma, uliwashwa upya. Ukizimika kwa uzembe, kuhani mkuu wa kiume alimchapa viboko aliyekuwa zamu. Baada ya hapo kazi ilirudi kwenye mikono: walichukua ubao wa mti uliohesabiwa kuwa wa heri, wakapekecha hadi kaa likashika, kisha mmoja wao akalibeba na kuliingiza hekaluni kwenye chekecheke la shaba. Nadhani chekecheke lilichaguliwa kwa sababu nzuri. Kaa changa hufa likikosa hewa, na matundu ya chini yanalipa pumzi huku majivu yakidondoka.

Hata kufagia kulikuwa na siku yake. Tarehe 15 Juni taka za hekalu zilitolewa na kupelekwa mahali maalumu kwenye mteremko wa kilima cha Capitolium, na kalenda ya dola iliandika siku hiyo kwa herufi zake: shughuli za mahakama hazikuwa halali mpaka taka ziwe zimeshatolewa. Mahakimu wa Roma walisubiri ufagio.

Nywele zao pia zilikuwa kazi ya ufundi. Walizisuka misokoto sita, mtindo uleule waliouvaa maharusi siku ya ndoa. Kwa muda mrefu wataalamu walizitazama sanamu wasielewe misokoto ile inashikwa na nini, hadi Janet Stephens, msusi wa Baltimore nchini Marekani, alipoonyesha kwamba mitindo ya aina hii hushonwa kwa sindano na uzi. Mwaka 2013 aliusuka mtindo wa makuhani wa Vesta kwenye kichwa cha mtu hai. Ilihitaji mtu ambaye vidole vyake vinajua kusuka.

Fedha za serikali ziliondolewa mwaka 382 na mfalme Gratianus, na mwaka 391 mfalme Theodosius akapiga marufuku sadaka. Kabla karne haijaisha moto ulikuwa umezimwa. Maelezo ya chumvi tunayo kwa sababu mwanakamusi Festus aliyanakili kutoka kwa mwandishi wa kabla yake, na kamusi ya Festus imefika kwetu kwa mswada mmoja tu wa karne ya 11, ulioko Napoli, ambao nusu yake ya kwanza imepotea na kurasa zake nyingi zimeungua pembeni. Chumvi iko katika nusu iliyobaki. Ukiwa na kinu, chungu, jasi na tanuri, unaweza kuijaribu. Utakachokosa ni muda wa kuiacha motoni, ukali wa moto, na rangi inayoonyesha kwamba imeiva. Hayo Festus hakuyaandika. Hayo ndiyo yaliyofundishwa katika ile miaka kumi ya mwisho, mkubwa akiwa amesimama mlangoni pa tanuri na mdogo wake kando yake.