Pongezi kwa Wachana Manyoya
Yorkshire Terrier, mbwa mdogo aliyeibuka kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19, ana manyoya marefu na laini, yanayokaribia nywele za binadamu. Yasipochanwa hufungamana nyuma ya masikio, kwapani na chini ya ukanda wa shingoni. Vifundo huvuta ngozi, hunasa unyevu, na mwisho huleta vidonda.

Wanaomwepusha na maumivu hayo wanastahili pongezi za dhati.

Hugawa manyoya tabaka kwa tabaka, huchana kuanzia ncha kuelekea shina, kisha hupitisha kitana cha chuma. Kifundo hufumuliwa kwa vidole kabla ya kuoga, maana maji hukikaza. Kilichoshindikana hunyolewa kwa mashine. Mkasi ungeweza kukata ngozi iliyovutwa humo. Ni kazi ya subira, hasa mbwa anapotetemeka mezani.